Utepe Mwekundu na Goti la Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Nimefunga utepe mwekundu chini ya njia yangu ya kupandia, kwenye mwamba wa juu ya maporomoko. Hapa Boven kila mpanda miamba anajua maana yake: hii ina mwenyewe, usiguse. Atakayefika kileleni kwanza ndiye anayeipa jina, na jina linaingia kwenye kitabu cha wapandaji mpaka Yesu arudi. Langu liko tayari: Enzi ya Mkhatshwa, yaani mimi. Vusi Lukhele ananuna. Yeye angeiita Bhubesi, jina la mbwa wake. Maana yake simba! Mbwa mwenyewe saizi ya paka.
Sharti ni moja tu. Mwenye utepe akiumia, anaufungua, wengine wajaribu. Sawa. Mimi siumii.

Jumatano, 5 Juni
Dada Busisiwe amenichosha. Ndiye mshika kamba wangu, na mjini anatibu viungo, kwa hiyo haishiwi mawaidha. Eti nifanye mazoezi ya msuli wa nyuma ya paja. Eti nilale chali niinue kiuno. Eti nipashe mwili moto robo saa kabla ya kupanda. Anasema pale ninapobandika kisigino ukingoni, karibu na sikio, na kujivuta, mzigo wote unabebwa na goti. Likianza kulalamika niachie tu, kamba ipo. Nikamwambia kuachia ni kwa waoga, na kinachopashwa moto ni kiporo. Hakucheka. Hana ucheshi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Baridi kali. Sikupasha kitu. Kisigino juu, goti nje, vuta! Goti likalalamika. Ningeachia, lakini Vusi alikuwa chini anatazama. Nikavuta tena.
Pa!
Nikashushwa kama gunia. Vusi akauliza nini kimelia. Nikasema tawi limevunjika. Akageuka huku na huku, akasema, kaka, mbona hapa hapana mti?
Busisiwe amenipima kwa siri. Kano ya upande wa nje imevutika. Wiki sita: nipumzike, niweke barafu, nifunge bendeji, kisha mazoezi mdogo mdogo, na kisigino kiwe cha mwisho kabisa. Nimeuliza kama wiki sita zinahesabiwa pamoja na Jumapili. Nimemwapisha asimwambie mtu. Akasema siri ya mgonjwa haitoki kwake, ila ujinga wa mgonjwa utatoka wenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Nyumbani hakuna barafu. Kwenye friza kuna nusu mita ya soseji ya kuchoma, ngumu kama bomba. Nimeizungusha gotini, bendeji juu yake. Imekaa kama imepimwa na fundi. Nani anahitaji daktari?

Jumamosi, 8 Juni
Nyama choma kwa Vusi. Nisipokwenda watashuku. Nimekwenda, soseji ndani ya suruali pana, mguu hauendi wala haukunjiki. Nikasema viatu vipya.
Karibu na moto soseji ikayeyuka. Bhubesi akaanza kunifuata. Nikahama kiti. Akahama. Kisha Vusi, yule mnafiki, akasema kama mimi ni mzima nichuchumae nipulize makaa. Nikachuchumaa. Kuinuka ndiyo ikawa habari nyingine. Mbwa akaona nafasi yake, akaingiza kichwa kwenye suruali, akavuta. Uwanja mzima umemwona akikata mbuga na nusu mita ya soseji, bendeji inapepea nyuma. Busisiwe akapaza sauti kwamba yeye hajasema neno.
Vusi hakucheka. Bora angecheka. Akanisaidia kuinuka, akasema taratibu: pole, kaka, lakini utepe. Nikakubali mbele ya watu kuufungua. Goti liliuma, ila kukubali kuliuma zaidi. Nimelia kidogo njiani. Moshi.

Jumapili, 16 Juni
Vusi amefika juu. Kwanza alipasha mwili nusu saa, anainua kiuno kama yuko kliniki. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha kwa jina la mbwa. Sikuyatumia. Ameiita Tawi la Mkhatshwa.
Imeshaandikwa kitabuni. Wageni watauliza tawi liko wapi, mbona hapa hapana mti? Na wataelezwa. Miaka mia wataelezwa!

Jumatatu, 17 Juni
Sikukuu. Nimeona njia nyingine, nzuri kuliko ile, upande wa pili wa maporomoko. Nimefunga utepe. Hii inataka kisigino cha mguu wa kulia, na goti la kulia ni zima kabisa. Busisiwe ameuliza kama nimepasha mwili. Nimemwambia jua litanipasha nikiwa juu.
Saa nne. Tawi jingine limevunjika.
Wasiseme sijifunzi. Safari hii nilinunua soseji mapema, mita nzima.