Mkombozi wa Simu na Namba Zake Nne

Wazo lilimjia akiwa dukani kwa kampuni ya simu, alikoingia kwa sababu ya feni tu. Mbele yake mwashi mmoja, vumbi la saruji kichwa kizima, alikuwa akigonga kaunta.

"Simu nimeinunua, risiti hii hapa! Mbona inakataa laini nyingine?"

"Simu ni yako, baba," mhudumu akajibu bila kuinua macho. "Ila inakubali laini yetu peke yake."

"Sasa yangu ni ipi hapo? Boksi?"

Watu wakacheka. Bwana yule wa feni hakucheka. Aliliokota boksi ambalo mwashi alilibwaga kwa hasira, akalitazama upande wa chini, na pale, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, akasoma kwamba mwenye simu akibonyeza namba fulani, kampuni itamfungulia. Bure. Alilitia boksi kwapani na kutoka kimyakimya, kama mtu aliyeokota pochi.

Kesho yake ng'ambo ya barabara kulikuwa na meza, mwavuli na kibao: UKOMBOZI WA SIMU. Mwenyewe alivaa shati jeupe na miwani isiyo na kazi yoyote machoni pake.

"Ndugu zangu!" alihubiri. "Ukinunua suruali, fundi anakuja kukuchagulia mkanda? Simu yako, haki yako! Mimi siuzi kitu hapa, mimi ninawarudishia chenu!"

Na kweli aliwarudishia, tena kwa malipo. Alibonyeza ile namba ya bure huku akikunja uso kama daktari wa upasuaji, laini mpya ikashika, mteja akatoa macho. Angeishia hapo tungemsamehe nusu. Lakini kabla ya kurudisha simu alipachika ndani yake programu aliyoiita Mlinzi, akaitia namba ya siri anayoijua yeye tu. Baada ya wiki tatu Mlinzi aliifunga simu kama mlango wa chuma. Mteja akarudi mbio.

"Hao kampuni hao," Mkombozi alisikitika. "Wameitumia virusi. Lete nikutibu."

Hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyotolewa kifungo kimoja ukaingizwa kingine, na shukrani juu.

Miongoni mwa waliotibiwa alikuwamo msusi wa saluni ya pili kutoka kona, mama wa maneno machache na vidole vyepesi ajabu. Aliporudi mara ya tatu hakulalamika. Alisema tu, "Kaka Mkombozi, kikundi chetu cha akina mama kimenunua simu thelathini. Unaweza kuja saluni uzikomboe zote kwa mpigo?"

Thelathini! Mkombozi alifunga mwavuli saa ile ile.

Saluni ilinuka mafuta na nywele za moto. Akina mama walijaa kwenye mabenchi, na mmoja alikaa chini ya kofia ya kukaushia nywele, gazeti usoni. Maboksi yalipangwa juu ya sinki. Mkombozi akapiga domo lake la suruali na mkanda, akaitukana kampuni mpaka povu likamtoka.

"Maneno matamu," msusi akasema. "Ila wenzangu wanaogopa. Huyo Mlinzi wako, mbona humweki kwenye simu yako?"

"Nani kasema simweki?" Aliyatupia macho maboksi. "Tazameni!" Akampachika Mlinzi kwenye simu yake mbele ya kila mtu. Moyoni alisema atamtoa akifika kona.

"Namba ya siri niweke mimi, nijifunze," msusi akaomba. Mkombozi akampa, macho yakiwa kwenye vidole vyake. Ila vidole vile vilikuwa vimesuka vichwa miaka ishirini. Vilipita kwenye kioo kama upepo, simu ikalia *ti*, ikajifunga.

"Umeandika ngapi, dada?"

"Si ni siri?"

Hapo kofia ya kukaushia ikainuliwa, gazeti likashuka. Alikuwa mhudumu wa kampuni ya simu, nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa. "Ile namba ya kufungua ni bure, kaka. Ipo kwenye boksi. Nilimwambia msusi wangu leo asubuhi."

Mkombozi akaibonyeza simu yake, ikakataa. Ndani ya simu ile mlikuwa na kila shilingi aliyochuma.

"Dada yangu, mama yangu, tusifike huko."

"Taja yako, nitaje yangu," msusi akasema, akichana nywele kama hakuna kilichotokea.

Mkombozi aliinamisha kichwa. Kilichomwumiza sasa hakikuwa hasara, bali aibu. "Moja," alinong'ona. "Mbili. Tatu... nne."

Saluni ikalipuka kwa vicheko. Simu zikatolewa mikobani, *ti, ti, ti*, Walinzi wakafukuzwa kazi mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Nimemlipa mara nne kwa moja mbili tatu nne!"

Msusi akamgeukia mhudumu. "Na nyinyi, jambo la bure mbona mmeliandika kwa herufi za sisimizi?"

Mhudumu alijikohoza, akairudisha kofia kichwani na kulifungua gazeti. Ghafla hakusikia kitu.

Mkombozi alipewa namba ya kufungua simu yake, akapewa na njia. Alipofika mezani alimkuta mzee mmoja anamngoja, simu mpya mkononi. "Mwanangu, nifungulie hii."

Mkombozi alimtazama, akawatazama akina mama waliojaa mlangoni mwa saluni wakimkodolea. Akaipokea simu. "Mzee, bonyeza tu namba iliyo chini ya boksi. Ni bure."

"Bure?" Mzee aliinyakua simu yake, akarudi nyuma hatua mbili na kuwapazia sauti wapita njia. "Jamani, kuweni macho, huyu tapeli!"