Babu, Kizingiti na Wakodoa Macho

Jumamosi, 5 Julai
Jua! Watu tele kwenye malango ya mfereji, pale maji yanapopunguzwa ili mashua ishuke. Sisi tunaoishi mashuani mferejini tunawaita gongoozler: mtu anayekuja kukodoa macho tu, mikono mfukoni, kamba hagusi. Norman, mzee anayejitolea kufungua malango, aliwaeleza neno lilikotoka. Eti ni maneno mawili ya kale ya watu wa jimbo la Lincolnshire, huku huku Uingereza, yote maana yake kukodoa macho, yakaunganishwa; ila hakuna mwenye uhakika. Hakuna mwenye uhakika! Na bado wakampigia makofi. Wivu umenikaba.

Jumapili, 6 Julai
Dawa nimeipata. Neno alilibuni babu yangu! (Babu alikuwa kinyozi mjini Coventry. Nani atamuuliza?) Nitawasimulia huku nikishusha mashua, wanione vizuri. Glenys, mke wangu, kasema, "Desmond, we shika usukani, domo waachie wengine." Hana imani nami tangu nigonge lile daraja.

Jumatatu, 7 Julai
Aibu! Nilikuwa katikati ya kisa cha babu, macho yote kwangu, raha iliyoje. Maji yakapungua, nyuma ya mashua ikakwama juu ya kizingiti cha jiwe kilichojificha majini chini ya lango la nyuma. Hata mgeni huonywa siku ya kwanza! Mashua ikainama mbele, na Glenys yumo ndani anapika chai. Norman alikimbia kuzuia maji, akayarudisha, akamtoa. Sahani za mama mkwe zilizotundikwa ukutani, zote vipande. Glenys hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kaenda kwa dada yake.

Alhamisi, 10 Julai
Najuta. Maharagwe ya kopo, baridi. Nimepiga simu, dada mtu kasema Glenys atakuja Jumamosi kunisikiliza, ila kwanza nimwombe Norman radhi. Nitamwomba. Nampenda mke wangu kuliko macho ya dunia nzima. Neno lile silitamki tena.

Jumamosi, 12 Julai
Nilimwendea Norman, kofia mkononi. Lakini watu walishajaa, na mama mmoja akauliza kama ni hapa mashua ilipotaka kuzama. Ningenyamaza? Nikawaeleza nilivyomwokoa mke wangu kwa mikono hii. Babu naye nikamwingiza. Kumbe nyuma ya kundi kasimama Glenys na mkoba wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akampa Norman mkono, akamshukuru, akarudi kituo cha basi. Nimelia jioni nzima. Kosa nimeliona: jua lilikuwa linawapiga wasikilizaji machoni. Kesho nitasimama upande wa pili.