Mstari wa 212

Jamani, leo nimepatikana. Naandika harakaharaka, kwa hiyo mnisamehe makosa ya uandishi.

Mnajua kampuni yetu hapa Sumbawanga inanunua mahindi. Idhini za kupakia mzigo tunawatumia mawakala kwa kompyuta, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri ili matapeli wasijitungie zao. Programu ya kufungia si yetu. Ni ya watu wa nje wanaoigawa bure, nami miaka mitatu iliyopita nilichukua nakala nikaichokonoa itufae sisi. (Nikajiita mtaalamu. Nani angebisha?)

Leo asubuhi wenye programu wakatangaza toleo jipya, wameziba tundu la hatari. Nikalichanganya na langu. Sikujaribu. Nikawasha.

Hakuna idhini iliyofunguka. Hata moja!

Saa nne wakala wetu wa kule Laela akapiga simu: "Mshikaji, malori yapo, magunia yapo nje, na hili wingu si la mchezo. Nipakie nisipakie?" Nikamwambia asubiri kidogo. Jasho likanitoka, pamoja na baridi yote hii.

Meneja wetu, mama mmoja mkali, akaja na kiti chake akakaa nyuma yangu. "Yale magunia yakilowa, kesho usije." Niliogopa jamani, sifichi.

Ikabidi niwaandikie wenye programu kwenye kundi lao la barua pepe, watu wa dunia nzima, nikawabandikia kazi yangu yote. Mzungu mmoja akajibu upesi: "Tatizo liko mstari wa 212. Juu yake kuna maelezo kwa lugha nisiyoijua. Yanasemaje?"

Nikatazama. Moyo ukapiga paa! Niliyaandika mwenyewe, kwa Kifipa, nikiamini hakuna atakayeyasoma.

"Enhe, yanasemaje?" mama akauliza.

"Ni salamu tu, mama."

"Salamu?" Akavaa miwani. "Mimi nimezaliwa Mollo, Ufipani kwenyewe, mwanangu."

(Miaka yote hiyo ofisini hajawahi kutamka neno moja la Kifipa!) Akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akatafsiri taratibu, ofisi nzima ikisikia: "Nimefupisha ufunguo ili kazi iishe upesi, kwa sababu huyu mama ana kelele kuliko mashine ya kukoboa. Nitarekebisha kesho."

Kesho ya miaka mitatu!

Nikatamani ardhi inimeze.

"Haya, mjibu mwenzio," akasema. "Neno kwa neno. Na hiyo mashine ya kukoboa usiiache."

Nikaandika kwa Kiingereza. Mzungu akaelewa palepale: toleo jipya linakataa funguo fupi. Akanielekeza kwanza niruhusu toleo hilo lifungue idhini za zamani, halafu nitengeneze ufunguo mrefu kwa zijazo. Nikafanya hivyo, zikafunguka. Laela wakapakia, maturubai yakafungwa, ndipo mvua ikashuka. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu saa nne.

Nikajua yameisha. Barua nyingine ikaingia: "Vizuri. Huyo mama bado yupo hapo?"

Mama akanisukuma pembeni, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: "Nipo."

Sasa nawaomba, atakayecheka acheke kimyakimya huko aliko, asinijibu humu kundini. Kiti chake hajakiondoa, na haya yote ameyasoma.