Meza ya Kisasa kwa Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi
Miezi saba tangu mke wangu atutoke. Alikuwa fundi wa nguo. Ninachotaka ni kimoja tu: daftari lake la vipimo. Kiuno changu kimo humo, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wake. Daftari liko kwa dada yake, shemeji yangu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi. Ukoo ulimchagua yeye kwa kuwa mimi hupoteza vitu. Alitakiwa kupeleka mahakamani orodha ya vitu vya marehemu ndani ya miezi sita. Hajapeleka. Safari hii nimemnasa.

Jumanne, 5 Machi
Nimeandika ombi mwenyewe, mahakama imlazimishe. Kwanza niliandika "msimamizi aorodheshe". Nikaona limepwaya. Nikafuta, nikaweka "kila aliye na kitu cha marehemu akitaje kwa kiapo". Hilo lina uzito. Karani akalisoma mara mbili, akaniuliza mzee wangu, una hakika? Nikamwambia hakika tupu. Akagonga muhuri taratibu sana.

Jumatano, 6 Machi
Nimekumbuka cherehani. Ninayo chumbani. Shemeji akijua, ataichukua. Nimeipeleka kwa kinyozi jirani, nikaifunika shuka, nikamwambia ni meza. Akasema mbona meza ina kanyagio, kaka. Nikasema ni ya kisasa. Chumba kimebaki na alama nne sakafuni. Nimekaa nikizitazama.

Jumatatu, 18 Machi
Mahakamani. Shemeji amekuja na orodha: vitu arobaini na kimoja, hadi kopo la vifungo. Namba tisa, daftari la vipimo. Akasema amechelewa kwa sababu kila akifungua sanduku analia. Hilo sikulitarajia. Nikapangusa miwani.

Hakimu akaitaka orodha yangu. Nikasema sina kitu, mheshimiwa. Akanisomea sentensi yangu mwenyewe, ile yenye uzito. Hapo kinyozi, aliyekuja kunipa moyo, akanyoosha mkono kuuliza kama meza ya kisasa nayo inahesabika. Shemeji alicheka mpaka akashika kiti. Alisema shemeji, shemeji, dada alinitabiria utaficha hiyo kwanza.

Hakimu hakucheka. Akaamuru nilete orodha kamili Ijumaa, kwa kiapo.

Kwenye korido shemeji akanionyesha karatasi yake. Namba moja, cherehani, abaki nayo mume. Tangu mwanzo. Akasema na daftari atanipa, ila orodha yangu iwe kamili, maana kuhangaishwa na mimi kumemchosha. Akatoa daftari mkobani, akanifungulia ukurasa wa mwisho. Kiuno, tisini na nane. Pembeni mke wangu ameandika: anadai amepungua.

Nilitembea hadi kituo cha basi nimevuta tumbo ndani.

Ijumaa, 22 Machi
Nimewasilisha. Cherehani, moja. Kiti chake kifupi, kimoja. Futi ya kupimia, moja, imekatika mwisho. Nimekula kiapo. Karani akauliza ndiyo yote, mzee wangu? Nikamwambia yote.

Shemeji akanipa daftari papo hapo, kwa mikono miwili. Mwanamke mwema. Nilimwonea haya kidogo.

Ila aliusifu sana mkasi wa dada yake siku ya msiba, na mimi sisahau. Mkasi uko kwa kinyozi. Nimemwambia ni wa kunyolea. Ana mikasi sita pale, huu hautaonekana. Safari hii nimefikiria kila kitu.