Mnyama wa Jina Langu

Jumatatu, 4 Agosti
Mimi na bahati ni mapacha. Nikipiga sururu, ardhi yenyewe inasema karibu! Mwaka huu machimbo yetu yametoa mifupa ya wanyama wanne wa kale wasiojulikana duniani, na profesa humpa kila mmoja jina la mchimbaji aliyemwona kwanza. Mimi bado. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana mjusi. Mjusi mwenyewe saizi ya kipande cha sabuni! Lakini mama mkwe katundika picha yake sebuleni, palipokuwa na picha yetu ya harusi. Msimu unafungwa Ijumaa. Lazima nipate mnyama.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango! Nimetoa mfupa wa paja la ng'ombe kwenye supu. Nimeuloweka kwenye chai ya rangi, nikaupaka majivu. Mke wangu kauliza nafanya nini. Nikajibu, sayansi. Akasema sayansi imrudishie sufuria yake.

Jumatano, 6 Agosti
Wenzangu walipojilaza baada ya chakula, nikachimba shimo kwenye kona yangu, udongo nikautupa kando, mfupa nikaufukia. Nikasubiri. Nikaufukua kwa makelele: jamani, mnyama! Profesa akaja mbio, kofia ikabaki huko nyuma. Akaugusisha ulimi, kama wafanyavyo wataalamu, maana mfupa uliogeuka jiwe hunasa ulimi. Wangu haukunasa. Akalamba tena. Akafikiri. Akauliza mbona una chumvi. Shemeji akadakia kwamba kama na ndimu ipo, yeye aletewe bakuli.

Alhamisi, 7 Agosti
Adhabu: kuchekecha vifusi kutwa nzima. Shemeji kaja kunisaidia, eti huruma. Kaanza na udongo niliotupa jana. Chekeche la kwanza tu, taya! Meno kumi na moja! Likamnasa profesa ulimi hadi akawa anaongea kama mlevi. Nikapinga: udongo ni wangu! Akasema udongo ndiyo, ila macho ni ya shemeji.

Ijumaa, 8 Agosti
Mnyama wa tano, jina la shemeji. Tena! Mama mkwe anatafuta msumari. Shemeji kanikumbatia mbele ya watu, kasema bila shimo langu asingepata kitu. Nikatokwa na machozi. Nampenda yule mshenzi. Mke wangu anasema nisihangaike, mnyama mmoja anaye tayari humu ndani na anamtosha.

Haya. Msimu ujao supu basi. Nitatumia mfupa wa kuchoma.

Na ile habari ya bahati, nilidanganya. Sina.