Doriani ya Kwenda Lalago

Jumanne, 21 Januari
Veronica ametangaza: mtoto wetu habatizwi Jumapili kama baba yake Veronica hayupo. Yaani Mzee Masalu wa Lalago, baba mkwe wangu, ambaye hajaniongelesha miaka miwili. Kisa, maksai. Niliazima maksai wake wawili wa kulimia, nikawabadilisha na pampu ya kumwagilia matikiti. Mto ukakauka. Matikiti yakaishia saizi ya malimao. Basi mtu ndiyo anune miaka yote hiyo?

Lakini nina akili! Ujanani Mzee alifanya kazi Unguja. Kila sikukuu husimulia matunda ya huko, shokishoki na doriani, hadi wajukuu wanasinzia. Nimempigia Joakim, mtoto wa shangazi, mpishi huko huko kisiwani. Boksi linapanda boti leo. Veronica kauliza kwa nini nisiende tu kuomba msamaha. Hajui mikakati.

Alhamisi, 23 Januari
Basi limefika Bariadi bila boksi! Konda anadai abiria waligoma tangu Dodoma wakisema kuna maiti kwenye buti. Wakalishusha Maswa. Nimelifuata, nikalikuta limewekwa nje peke yake, hata mbuzi wanalikwepa. Ndani doriani moja kubwa, miiba mitupu, inanuka kama vitunguu vilivyolala kwenye soksi. Shokishoki kilo tatu, nyekundu, zina manyoya yake yote. Salama.

Bodaboda wawili wamekataa kunibeba. Wa tatu kakubali, kajifunga shati puani.

Jioni, Lalago. Na nani yupo? Fredrick, mume wa dada yake Veronica. Mkwe kipenzi. Kaja kusaidia kupulizia pamba dawa ya wadudu. Kiherehere! Nimepiga goti, "Mwangaluka, baba," salamu ya Kisukuma ya asubuhi, nami nikaitoa jioni, kwa woga. Mzee kaangalia pembeni.

Shokishoki nimezificha chini ya miche ya pamba, zipate ubaridi na Fredrick asizione. Doriani nimeipeleka zizini. Harufu moja zaidi pale nani ataijua?

Ijumaa, 24 Januari
Kelele asubuhi na mapema. Fredrick, bomba mgongoni, anaita majirani: pamba imevamiwa na wadudu wapya, wekundu, wenye manyoya, wamelala chungu nzima! Kamaliza chupa ya dawa. Watu wanampa mkono. Mama Nyamizi, jirani, anashauri wachomwe moto. Mimi nimesimama, sijui nilie au nikimbie.

Mzee akaja na fimbo. Akageuza mmoja wa hao wadudu.

"Miaka arobaini na saba sijaliona tunda hili," akasema. "Na leo mmelipulizia dawa."

Akauliza nani kalileta. Fredrick akaninyooshea kidole haraka sana.

Nikakimbilia zizini. Ng'ombe wote walikuwa wamejibana kona ya mbali. Nikaipasua doriani mbele ya Mzee, na dakika hiyo hiyo ua ukabaki mtupu. Fredrick mbele kaziba pua, majirani nyuma yake, mbwa mwisho. Tukabaki wawili. Mzee hakuwa na wa kuongea naye ila mimi.

Akala. Akaongea. Kwanza Unguja, kisha marehemu mama mkwe aliyekuwa akimngoja huku, mwisho maksai. Bado anakumbuka majina yao. Nikaona aibu, kweli kabisa. Nikamwambia, "Nisamehe, baba." Akanisogezea kokwa la mwisho, lenye nyama nyingi.

Jumapili, 26 Januari
Mtoto kabatizwa! Mzee kakaa benchi la mbele akinukia doriani, benchi zima letu wawili. Kampa mjukuu ndama jike, na kamba akanikabidhi mimi, mbele ya watu wote. Akasema taratibu kwamba huyu ni wa mtoto. Nimelia. Veronica kalia. Fredrick kapiga picha. Mikakati yangu hii jamani!

Jumatatu, 27 Januari
Nimehifadhi makokwa kumi na moja. Joakim anasema doriani inataka mvua nyingi na uvumilivu wa miaka saba au zaidi. Watu wa kisiwani wanapenda kututisha. Pampu si bado ninayo?

Simiyu nzima sijasikia mwenye shamba la doriani. Hakuna mpinzani! Ila makokwa kumi na moja hayatoshi. Inahitajika miche, tuseme mia mbili.

Nimezunguka nyuma ya nyumba kumtazama ndama. Anapendeza, Mungu ambariki. Anakua haraka. Nimempigia jamaa mmoja wa Nyashimo mwenye kitalu cha miche, anayependa mifugo. Kumuuliza tu.