Hatua Elfu Thelathini Bila Kutoka Nyumbani

Jumatatu, 4 Machi
Muuguzi wa zahanati katupima wazee kumi wa mtaa wetu. Mimi kilo tisini na nane! Mizani mbovu ile. Kila mmoja kapewa kifaa cha kuhesabu hatua. Tutembee bustanini hadi Ijumaa. Tukipungua, baraza la mji litatuachia bustani. Tusipopungua, mwenye malori anaigeuza maegesho. Mke wangu kifua kinambana kwa moshi wa barabarani, hupumua vizuri pale tu, chini ya miti. Nimemwahidi nitaiokoa.

Jumanne, 5 Machi
Nimefika benchi la kwanza. Goti! Hatua mia nne. Jirani yangu Mkonda, miaka sabini na mbili, kanipita mara tatu, na kila mara kanisalimia. Kila mara! Eti ana hatua elfu tisa. Roho imeniuma.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa! Mke wangu ni fundi cherehani, ana sare za shule themanini za kumaliza. Anakanyaga pedeli tangu alfajiri. Nikakifunga kifaa changu chini ya pedeli. Kufika jioni, hatua elfu thelathini na moja! Mimi nimelala, nikaamka, nikamaliza viporo vyote.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejipima kwa muuza nafaka: kilo mia kamili. Akauliza kama nimebeba gunia. Malori yamepita kutwa. Mke wangu kakohoa dirisha likiwa limefungwa, kisha kaniuliza kama bustani itabaki. Nikamwambia aondoe shaka. Sikuweza kumtazama machoni.

Ijumaa, 8 Machi
Ofisi ya baraza, mtaa mzima umejaa. Wenzangu tisa wamepungua, wote kwa kutembea bustanini. Diwani kashika kalamu atie sahihi. Ndipo akaiona karatasi ya hesabu ya kifaa changu. Kumbe kifaa kinaonyesha na mahali! Hatua elfu thelathini kwa siku, zote nyumbani kwangu.

"Huyu mzee anawashinda wote akiwa nyumbani," akasema. "Bustani ya nini?"

Mkonda kanikodolea macho. Nilipaswa kusema kweli. Nikasema goti linauma. Mke wangu akasimama, akakohoa kwanza, kisha akamwambia diwani:

"Hatua hizo ni zangu, nimezikanyaga kwenye cherehani. Nimechoka, baba. Nataka hewa."

Diwani karudisha kalamu mfukoni. Katupatia wiki moja ya mwisho, tupimwe upya Jumatatu, kisha tena Ijumaa.

Jumamosi, 9 Machi
Chai nimewekewa mezani bila neno. Nimejuta kwelikweli, mpaka saa nne asubuhi. Kisha nikakumbuka koti langu zito lina mifuko minne. Nikipimwa Jumatatu na mawe mfukoni, Ijumaa bila mawe, nimepungua kilo sita! Mawe mazuri yako bustanini, upande wa mbali kabisa. Nimekwenda kuyabeba mara tano. Kifaa nilikiacha nyumbani, kisinicheleweshe. Goti halikuuma hata kidogo. Ajabu!